Kujitolea kufundisha Kiingereza Italia: yule Mwafrika kwenye tangazo ni mimi, na darasa lile waliniondoa

Wakuu, salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho, na mods tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa nafasi za masomo, hili ni jambo jingine kabisa.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu. Limefika Dar, Morogoro, Arusha, na sasa naambiwa limevuka hadi Mombasa. Linasema jitolee Italia, zungumza Kiingereza na wanafunzi, chakula na malazi bure, familia ya kukupokea ipo. Pana picha ya mwanamke Mwafrika amesimama mbele ya ubao na wanafunzi wanacheka. Mwanamke huyo ni mimi. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Na darasa hilo mnaloliona waliniondoa, kwa sababu wazazi walilalamika kwamba Kiingereza si lugha niliyozaliwa nayo. Kubaki darasani sikufaa, ila sura yangu imefaa kuwavuta ninyi mlipe ada. Nimekasirika, na sitaki kulificha hilo.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwa taaluma. Nimefundisha sekondari Morogoro kabla ya kuja Bologna kusoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa mkoa. Kibali changu cha ukaazi ni cha masomo, kwa hiyo mambo ya karatasi upande wangu yalikuwa sawa. Shirika lenye tangazo hili lilitangaza chuoni kwamba linatafuta wa kujitolea kwenye miji midogo kati ya Bologna na Rimini. Makubaliano yalikuwa saa 15 kwa wiki za mazungumzo ya Kiingereza, nyingi shuleni, chache na watoto wa familia itakayonipokea. Nililipa ada ya usajili, yuro mia mbili na ushee. Niliipenda kazi yenyewe kabla sijaianza, na niseme wazi kwamba hadi leo naipenda.

Maana wanafunzi wa Italia wana uhitaji wa kweli. Ingia darasa la liceo, ile sekondari yao ya miaka mitano inayoanza mtoto akiwa na miaka 14, utakuta watoto wanaoijua sarufi ya Kiingereza vizuri sana. Vitenzi visivyofuata kanuni wanakutajia vyote bila kukwama. Mwambie mmoja akusimulie jana alikula nini, anainamisha kichwa. Sababu zinajulikana. Filamu na tamthilia za nje huwekewa sauti za Kiitaliano, desturi iliyoota mizizi tangu miaka ya 1930, serikali ya Mussolini ilipopiga marufuku filamu zenye mazungumzo ya lugha za kigeni, kwa hiyo mtoto anakua bila kusikia Kiingereza sebuleni kwao. Mtihani wa taifa wa INVALSI ulianza kupima Kiingereza mwaka 2018, lakini unapima kusoma na kusikiliza, kuzungumza hakumo. Na darasani kila kitu kina alama, 1 hadi 10, sita ndiyo ya kufaulu. Mtoto anaitwa mbele anaulizwa maswali kwa mdomo huku wenzake wanamtazama. Nani atathubutu kukosea hapo?

Sasa niwaambie jambo ambalo lile shirika halikutaka kulisikia. Kiitaliano, kama Kiswahili, kinapenda neno liishie na irabu. Mwanafunzi wa kule anasema "I went-e to the park-e". Aliyewahi kufundisha kidato cha kwanza kwetu anaujua ugonjwa huo vizuri, tumewatibu wangapi wanaosema "sikuli" na "buku"? Irabu zetu ni tano, zao ni saba, kwa hiyo "ship" na "sheep" zinatusumbua wote. Mimi niliipita njia hiyo kwa miguu yangu, najua mawe yako wapi.

Kulikuwa na kijana wa nyuma kabisa, mrefu, hajafungua mdomo tangu nifike. Siku hiyo nilikuwa nimewaambia waseme "stop", kisha midomo ibaki imefungwa pale pale kwenye p, asiifungue mtu mpaka nihesabu hadi tatu. Darasa zima limefunga midomo, wanatazamana, mashavu yamevimba kwa kicheko. Nikaendelea na "help", nikaendelea na "cup". Yule kijana alipofungua mdomo alisema, bila kuulizwa na mtu, "My bus doesn't stop at my house, I walk up the hill." Sentensi nzima, na "stop" yake na "up" yake zimekatwa safi kabisa. Profesa wao wa Kiingereza (kule mwalimu wa sekondari huitwa profesa), mama mmoja mtaratibu sana, aliacha kuandika akamtazama. Picha iliyoko kwenye tangazo ilipigwa siku hiyo, wakiwa bado wanacheka.

Haukupita muda mrefu, mratibu wa shirika akanipigia simu. Wazazi kule wana magrupu yao ya WhatsApp ya kila darasa, na mzazi mmoja alikuwa ameandika kwamba wamelipia mwalimu wa Kiingereza na wameletewa Mwafrika. Wengine wakamuunga mkono. Mratibu hakuja darasani hata mara moja kunisikiliza. Hakumuuliza profesa. Aliniambia kwamba familia zimelipia mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, kwamba yeye binafsi hana tatizo na mimi, na kwamba kuanzia Jumatatu nitahamia kwa watoto wadogo wa shule ya msingi, wale wa kucheza na kuimba. Liceo akapelekwa binti wa Kimarekani aliyemaliza sekondari mwaka ule. Simlaumu binti huyo hata kidogo. Alikuwa na adabu, na jioni alikuwa akinijia na daftari nimweleze jinsi ya kufafanua kwa nini wanasema "I have lived" na si "I lived". Nilimweleza kila alichouliza, kwa sababu wale watoto walistahili kuelezwa vizuri. Ila yeye ndiye aliyekaa mbele ya darasa, na mimi nilibaki kumwandalia somo jikoni kwa watu.

Profesa alinitetea kwa barua. Haikujibiwa.

Baada ya hapo zile saa 15 zikawa hadithi. Asubuhi shule ya msingi. Mchana, saa saba wanapotoka, niwachukue watoto wa familia iliyonipokea, niwapashie chakula, nikae nao wakifanya kazi za shule, Hesabu na Kiitaliano vyote. Jioni mezani niseme Kiingereza na kila mtu. Vyombo vikiisha kuondolewa, mama mwenye nyumba anatoa daftari lake la kozi ya kazini anaomba "dakika kumi tu". Jumamosi wanakuja watoto wa majirani. Nilipouliza kuhusu saa, nikajibiwa kwamba kujitolea hakuhesabiwi kwa saa. Lakini wao ndio walioandika 15!

Na hebu tuzungumze fedha, maana hapa ndipo watu wengi hawajui. Familia ile ilikuwa inalipa shirika ili ipate mtu wa Kiingereza nyumbani. Shule ilikuwa inachangia. Mimi nililipa ada. Mifuko mitatu inaingiza, na aliyefanya kazi anapewa sahani ya tambi na kitanda. Msije mkadanganywa kwamba kazi hii Italia haina malipo. Wapo wasaidizi wa mazungumzo ya lugha za kigeni kwenye liceo za lugha ambao ni waajiriwa wa serikali na wanapokea mshahara. Katika miradi ya shule ya PON iliyogharimiwa na Umoja wa Ulaya, mtaalamu wa nje, wakiwemo wa lugha, alilipwa yuro 70 kwa saa kabla ya makato. Kwa hiyo kazi inajulikana, bei yake inajulikana, na kuna watu wameamua kuiita kujitolea ili fedha zibaki kwao.

Jambo jingine lilinikosesha usingizi. Nililetwa kuishi na watoto wadogo ndani ya nyumba yao, na hakuna mtu aliyeniomba hata cheti cha polisi. Hawakumpigia simu mkuu wangu wa shule wa zamani. Hawakujua mimi ni nani. Walichotaka kujua ni kama ada imeingia.

Sasa mje kwa mdogo wangu, maana yeye ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Ni mwalimu Morogoro. Alipata tangazo hili kwenye grupu, akaona picha ya dada yake, akaamini. Akalipa ada bila kuniambia, alitaka anishtukize. Baada ya kulipa ndipo wakamtumia maelekezo, na maelekezo hayo yanasema: kwenye fomu ya viza jaza utalii, ukiulizwa ubalozini sema unakwenda kutembea, usitaje watoto wala shule.

Maelekezo hayo yameandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani, ambao wanaingia bila viza na kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwao hakuna fomu ya kujaza uongo. Wakayachukua hivyo hivyo wakampa Mtanzania! Viza ya muda mfupi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni yuro 90 tangu Juni 2024, hazirudi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Na ukikamatwa umedanganya, taarifa za ombi lako zinabaki miaka mitano kwenye mfumo mmoja unaosomwa na nchi zote za Schengen. Mwalimu wa watu, mwenye jina safi, anaambiwa akaliweke rehani ili shirika lijaze nafasi za kiangazi.

Njia halali ipo. Sheria ya uhamiaji ya Italia, kifungu cha 27-bis, inaruhusu mgeni wa miaka 25 hadi 35 kuingia kwa kujitolea. Idadi huwekewa ukomo na serikali. Shirika ndilo linaloomba idhini kwanza, na linatakiwa kusaini makubaliano na wewe yanayotaja kazi utakayofanya, saa zake, chakula, malazi na fedha ndogo ya matumizi, na bima ni juu yao. Mdogo wangu yumo ndani ya umri huo. Nilimwandikia barua ya kuwaomba wafuate njia hiyo. Wakajibu kwamba utaratibu huo ni mrefu na "waombaji wetu kwa kawaida hawauhitaji". Akaomba arudishiwe ada. Wakasema ada ya usajili hairudishwi. Ile ada ni zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi, na ana mtoto.

Mtaniuliza kwa nini sitaji jina la shirika. Nimeshawaandikia rasmi kudai mambo mawili: picha yangu itolewe kwenye kila tangazo, na mdogo wangu arudishiwe fedha yake yote. Dawati la msaada wa sheria kwa wanafunzi hapa chuoni ndilo lililonisaidia kuandika, na wamenishauri nisubiri majibu kabla ya kutaja jina hadharani. Nitafuata ushauri wao. Ila tangazo mtalitambua wenyewe kwa picha.

Najua wapo watakaosema Mtanzania kufundisha Kiingereza Ulaya ni kujipendekeza, hata sisi kwa sisi. Tafadhali. Mkenya, Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi yake kwa katiba ya 2010. Mganda hali kadhalika. Sisi tunafundisha sekondari nzima kwa lugha hiyo, na walimu wetu wazuri wanajua kumtoa mtoto kwenye ukimya mpaka azungumze, madarasa ya watu sabini. Yule kijana wa nyuma hakuhitaji mtu aliyezaliwa London. Alihitaji mwalimu, akampata, akanyang'anywa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyombo nilivyoosha.

NYONGEZA: Nimeona maswali, najibu kwa pamoja.

Aliyeuliza kama wanafunzi walinibagua: hapana. Walipoambiwa ninaondoka waliandika barua kwa Kiingereza, wakasaini darasa zima, wakampelekea mkuu wa shule. Ina makosa na sikuyasahihisha.

Aliyeuliza kama mashirika yote yako hivi: nimeishi na hili moja, siwezi kusemea mengine. Lakini kabla hujalipa chochote, omba makubaliano yaliyosainiwa yenye saa, anwani ya familia na jina la shule. Piga simu shuleni mwenyewe, namba za shule za serikali za Italia ziko wazi kwenye intaneti. Uliza viza gani wanakuombea na nani anagharamia bima. Wakikuambia ujaze utalii, acha hapo hapo.

Aliyeniambia PM kwamba ameshalipa na ana miadi ya viza wiki ijayo: dada, usiende na hiyo barua ya utalii. Nimekujibu, soma ujumbe wako leo.

Na wengine mliolipa, wekeni hapa picha za risiti na barua mlizotumiwa, fichani majina na namba zenu. Dawati la sheria wameniambia malalamiko ya watu wengi waliopewa maelekezo yale yale yana uzito kuliko la mtu mmoja. Nitazikusanya mpaka mwisho wa mwezi huu.