Sindano ya kumuamsha mgonjwa inajaza damu kichwani?

MwanaMakorora:
Wakubwa shikamooni. Bimkubwa leo kafanyiwa kipimo cha kamera ya tumbo hapa Tanga mjini, wakamchoma midazolamu alale, walipomaliza wakamchoma flumazenili ya kumuamsha. Akaamka vizuri tu anaongea, ila kwenye bajaji kasinzia tena mpaka nikaogopa. Sasa jirani ananambia ile ya kuamsha inapandisha damu kichwani kwa mkupuo mtu anapata kiharusi, na bimkubwa ana presha. Kweli?

ZamuYaUsiku:
Jirani kashika mkia kaacha kichwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unachukua kama asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, sasa midazolamu ikiupoza unatumia oksijeni kidogo na damu inayokwenda huko inapungua pia. Flumazenili inaing'oa midazolamu pale ilipojishika, ubongo unaamka, damu inarudi ilipokuwa, basi. Wa kuogopewa ni aliyeumia kichwa na presha ya ndani ya fuvu iko juu, huyo inaweza ikazidi, na anayekunywa valiamu (dawa ya kutuliza, ndugu yake midazolamu) kila siku, huyo anaweza kupata degedege. Kusinzia tena ni kwamba ya kuamsha inaisha haraka, ndani ya saa moja hivi nusu yake imeshatoka, midazolamu bado ipo. Ndo maana mgonjwa anatakiwa akae aangaliwe kwanza, hapo waliwaachia mapema kwa kweli.

Babu_Raskazone:
Mi walinishona mguu kwa dawa ya usingizi ya ketamini mbona sikuamshwa na sindano? Niliona maajabu humo ndani msiulize

ZamuYaUsiku:
Ketamini haina ya kuamshia mzee wangu, propofoli, dawa nyingine ya usingizi, nayo hivyohivyo, unasubiri iishe. Na ketamini yenyewe huwa inaongeza damu ya ubongo, propofoli inapunguza.

MtuWaGanzi:
Mnaongelea dawa mnasahau pumzi. Mgonjwa akilala sana anapumua kidogo, kabonidayoksaidi inajaa kwenye damu, na hiyo ndo inayotanua mishipa ya ubongo, ikipanda mmHg 1 tu (kipimo kilekile cha presha) damu ya ubongo inaongezeka kama asilimia 3 au 4. Kwahiyo hata dawa inayopunguza damu ukiizidisha, pumzi inakugeuzia kibao. @MwanaMakorora anapumuaje sasa hivi, na anatumia valiamu?

MwanaMakorora:
Valiamu hapana, dawa za presha tu. Kalala anakoroma.

MtuWaGanzi:
Mlaze ubavu, muite kwa sauti. Akiitika kaa naye hapohapo umuamsheamshe, asipoitika au pumzi ikiwa ya kukatakata mrudishe hospitali saa hii hii.