Naomba ushauri: kubuni maneno ya mchezo kwa viambishi tamati

Mwalimu_Ngambo
Assalam alaykum. Naandaa mchezo wa maneno kwa wanafunzi wa kidato cha pili, hapa Unguja. Kila mmoja achukue jina la kitu cha mtaani, alinyambue, yaani aligeuze kitenzi kwa kiambishi cha mwisho, alitungie sentensi. Tatizo wanabandika -isha kila pahala: "urojoisha", "kahawaisha", "dauisha". Hayatamkiki wala hayachekeshi. Niwape kanuni gani, tena ziwe chache?

KarafuuKavu
Waalaykum salaam, mwalimu. Wanaunga kiambishi kwenye neno zima, ndiyo maana irabu zinagongana. Wakate kwanza irabu ya mwisho: safi hutoa safisha, taifa hutoa taifisha. Jina likiwa na kiambishi awali, nacho king'olewe. Urojo, ile supu nzito ya mtaani: toa u-, toa -o, inabaki roj-. Shina lenye e au o huchukua -eka, -esha, -ea; lenye a, i au u huchukua -ika, -isha, -ia. Kwa hiyo ni kurojeka. Kahawa itoe kahawisha, lakini kahawia wasiiguse, ishakuwa rangi.

Dau lina irabu mbili mwishoni. Hapo usikate, ingiza l kama ilivyo sahau na sahaulika: Tumbatu kunadaulika, yaani kisiwani kunafikika kwa dau.

Mchezabao
Yakhe umemaliza umbo, maana je? Kiambishi -ika kina sura mbili, na njeo, yaani alama ya wakati kama -me- au -na-, ndiyo inayozitenga. Kikombe kimevunjika, hiyo hali. Kikombe hiki kinavunjika, yaani chaweza kuvunjika. Basi "amerojeka" ni kashalegea kama bajia iliyosahauliwa bakulini, na "anarojeka" ni mtu asiye mgumu kulegezwa. Wadai sentensi mbili kwa kila neno, ya -me- na ya -na-. Neno likija peke yake halichekeshi mtu.

Wakitaka jina la mtu, watupe -ka waweke -fu: kunjuka, mkunjufu, ongoka, mwongofu, rojeka, mrojefu. Kwa -ji: mkahawishaji. Ila vitenzi vya asili ya Kiarabu visivyoishia na -a mara nyingi havitaki -ji. Ni msafiri na mhariri, basi.

Wasirundike viambishi. Viwili vinatosha, na -wa ikae mwisho: rojeshwa, rojeshana. Vikizidi, mkazo unasogea mbali na shina, sikio halisikii tena urojo, na mzaha umekufa.

Ukuti_wa_Wete
Mmeisahau -ua, nayo ndiyo tamu kuliko zote! Lugha ina jozi tayari: bandika na bandua, anika na anua, funika na funua. Kanzu basi: kukanzika, kwa -ika ya bandika si ya vunjika, ni kuivaa, kukanzua ni kuivua baada ya sala ya Ijumaa. Ila -oa huja baada ya o tu: choma, chomoa. Tega ni tegua, si "tegoa". Hapo watateleza wengi.

Gari liwekeni kando. "Garika" na gharika hazipishani mbali, na asiyetamka gh sawasawa atatuzamisha.

Mwalimu_Ngambo
Ahsanteni sana. Pweza wa Forodhani basi, kupwezeka na kupwezua?

KarafuuKavu
Ndiyo hivyo. Ile -eka inaifuata e ya shina, -ua haiifuati. Atakayezitoa zote mbili bila kuandikiwa ubaoni mpe maksi mbili.