Kwa muuzaji aliyeniambia "hao ni wapole, hawana shida": rudi hapa tuongee

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, leo naimwaga.

Nilinunua tangi la kioo la lita 40, na siku ile ile muuzaji akanifungia samaki watatu wadogo wa mapambo, neon tetra, kwenye mfuko. Nikamuuliza, watatu si wachache? Akacheka. "Hao wapole, hawagombani na mtu, hata mmoja anakaa." Hilo neno "wapole" ndilo lililoniponza. Kwani mpole hana mahitaji?

Neon tetra ni samaki wa kundi. Kwao huko bonde la Amazon wanaogelea wengi pamoja na usalama wao uko kwenye huo wingi. Chini ya sita usimfuge, na ukifika kumi ndipo unaanza kufaidi kuwatazama. Wangu walijibanza nyuma ya bomba la filta, ule mstari wa buluu ukafifia kama wino uliomwagikiwa na maji. Chakula kinazama mbele yao, hawagusi. Mimi najisemea wamechoka na safari!

Siku ya nne mmoja yuko juu kabisa anahema, matamvua yanakwenda mbio. Na maji ukiyaangalia ni meupe pe! Kumbe tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa, na bakteria hao mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Unaliandaa tangi kwanza bila samaki, unapima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Haya nimeyasoma baada ya kuzika.

Najua wapo watakaosema ningesoma kabla. Sawa, nusu ya kosa naibeba. Lakini yeye anafuga matangi mazima kila siku, atasemaje hajui?

Nikarudi kwake na malalamiko yangu. Unajua alichofanya? Akaniuzia samaki malaika, mkubwa tu, eti "awachangamshe hao wawili". Malaika kwenye lita 40! Tena neon hata akomae ni sentimita 3 au 4, kwa malaika mkubwa hicho ni kitafunwa. Nami nikalipa, mjinga mimi.

Asubuhi nawasha taa, nahesabu: mmoja. Nageuka kwa malaika, naona ile nusu nyekundu ya nyuma imetokeza mdomoni mwake. Anameza taratibu, hana haraka, kama mzee anayemalizia chai yake.

Aliyebaki nimemtenga kwenye ndoo na hita yake. Nimempigia simu muuzaji, nimefoka mpaka sauti imekauka. Akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema nimrudishie malaika, atanibadilishia kwa neon wawili.

WAWILI, wakuu.