Beringi mbili zimeua mashine nzima! Nani kawaambia wachomelee tangi?

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, bora niseme mapema.

Mashine yangu ya kufulia imekufa ikiwa na miaka mitatu na miezi minne. Waranti ilikuwa ya miaka miwili. Mota nzima, bodi nzima, pampu inatoa maji vizuri, hita inachemsha. Kilichokufa ni beringi za nyuma ya dramu, 6205 na 6206. Anayezijua beringi ameshaelewa uchungu wangu. Hizo ni namba za kawaida kabisa, zimejaa kwenye mota za umeme, pampu za maji na mitambo ya kila aina. Ukitaja 6205 popote ulipo unapewa kitu kile kile: tundu milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Hakuna siri ya kiwanda humo. Ni spea rahisi kupatikana kuliko karibu zote zilizomo kwenye ile mashine, na ndiyo iliyoizika.

Ilianza kwa mngurumo wakati wa kukamua. Nikadhani imekaa vibaya sakafuni, nikakaza miguu, nikaweka bakuli la maji juu yake kupima kama imelala sawa. Wiki hadi wiki mngurumo unazidi, mpaka ikifika mizunguko 1200 kwa dakika mtu aliye chumba cha pili anapaza sauti ndipo asikike. Kisha shuka jeupe likatoka na madoa ya kahawia. Nikafungua mlango, nikashika mdomo wa dramu kwa ndani, nikaunyanyua na kuushusha. Ko, ko, ko. Dramu inatakiwa izunguke, haitakiwi kupanda na kushuka kama jino linalotaka kung'oka.

Fundi akaja. Akailaza juu ya blanketi, akatoa mkanda, puli, hita, shokapu, yale matofali ya zege yanayoizuia isiruke, akalitoa tangi na dramu yake ndani. Kazi safi, skrubu za kila sehemu kwenye kopo lake. Halafu akanyamaza. Akapitisha kidole kuzunguka tangi lote, akaligeuza, akapitisha tena.

"Dada, hapa hakuna bolti."

Nikainama na tochi. Pale nusu mbili za plastiki zinapokutana pana mshono tu, umeyeyushwa kwa joto ukawa kitu kimoja. Dramu imo ndani, beringi zimo ndani, pa kuingilia hapana. Yaani wamechukua spea inayochakaa, wakijua inachakaa, wakaifungia mahali mkono wa fundi haufiki. Kila anayetengeneza mashine hizi anajua kwamba oiseli inayozuia maji italika siku moja, maji ya sabuni yatapenya, grisi itaoshwa na vigololi vitashika kutu. Swali ni lini tu. Sasa mtu anayejua hivyo anachomeleaje tangi?

Nikapiga simu kwa waliouza. Beringi hawauzi. Oiseli hawauzi. Wanauza tangi zima pamoja na dramu yake, na ukijumlisha na ufundi bei inakaribia mashine mpya. Yule wa kwenye simu akaniambia, tena kwa upole, "Mteja, kwa gharama hiyo bora uchukue mpya tu." Nilikata simu mikono inatetemeka. Chombo cha zaidi ya kilo 60, zege, nyaya za shaba, mota isiyo na doa, vyote nivipeleke jalalani kwa sababu ya viduara viwili vinavyoenea kwenye kiganja?

Fundi akasema analiweza tangi kwa msumeno wa chuma, ila hatoi dhamana. Nikamwambia kata. Alianza asubuhi, akifuata ule mshono polepole asije akagusa dramu, akipumzika, akibadilisha blade, mpaka alasiri. Lilipoachia nilifurahi. Beringi zilikuwa nyekundu kwa kutu, tumeshazipata mpya, akasema atatoboa matundu kuzunguka ukingo, afunge kwa bolti na silikoni, maisha yaendelee. Ndipo alipogeuza dramu tukaona kile chuma cha mikono mitatu kinachoishika kwa nyuma.

Kilikuwa na unga mweupe, umejaa kwenye pembe zake kama magadi. Nikagusa mkono mmoja kwa ukucha, ukamomonyoka kama chaki. Mkono wa pili ulikuwa na ufa unaokaribia kupita upande wa pili. Kile kitu ni cha aloi ya alumini, kimefungwa kwa skrubu kwenye dramu ya chuma kisichoshika kutu, na vyote vinashinda kwenye maji ya sabuni. Weka metali mbili za aina tofauti hivyo na alumini ndiyo inayoliwa. Hiyo ni kemia ya sekondari, wakuu. Wenye viwanda hawaijui? Na kama mlivyokisia, nacho hakiuzwi peke yake. Kinauzwa na dramu. Dramu inauzwa na tangi. Tukarudi pale pale kwenye simu ya yule mpole.

Fundi alichukua nusu ya ujira wake tu. Alikuwa ameumia kuliko mimi.

Kinachonitia uchungu zaidi ni mashine niliyoitoa ndani kuipisha hii. Ilikuwa ya mama, ilinunuliwa 1990. Miaka 31 ilifua nguo za watoto wanne, mapazia, mablanketi, na miaka ya mwisho shuka za bibi alipokuwa hajiwezi, mara mbili kwa siku. Niliitoa kwa sababu niliambiwa inakula umeme na imepitwa na wakati. Mama aliuliza swali moja tu, "Ina kosa gani?" Sikuwa na jibu, na leo sina.

Msidhani ile ilikuwa haiharibiki. Iliharibika sana tu. Kaboni za mota (vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilibadilishwa mara tatu, mkanda mara mbili, pampu mara moja, na beringi, ndiyo, beringi hizi hizi, mara moja, ikiwa na miaka 14. Nilikuwepo, nilishika tochi. Tangi lake lilikuwa nusu mbili zenye mpira katikati, zimezungushiwa bolti. Fundi alifungua bolti, akagonga beringi za zamani zikatoka, akaingiza mpya kwa kipande cha bomba na nyundo, akapaka grisi, akaweka oiseli, akafunga. Jioni ile ile tulifua. Hakuna aliyepiga simu popote, hakuna aliyeomba ruhusa ya mtu.

Na taima yake! Lile duara la kuzungusha lililokuwa likitembea lenyewe tak, tak, tak. Ndani yake kuna kimota kidogo kinachozungusha gurudumu lenye mabonde na vilima, kilima kikipita kinasukuma kikonyo, umeme unakwenda kwenye pampu au mota au hita. Kikonyo kikiungua unakiona kwa macho, unapiga msasa kidogo, inarudi kazini. Hii mpya ina bodi iliyomwagiwa utomvu mgumu juu ya kila kitu. Utasikia ni kinga ya unyevu, na kweli unyevu unaua bodi. Lakini kapasita moja, kipande kidogo tu cha kuhifadhi umeme, ikifa humo chini, fundi ataifikiaje? Ikiharibika inaandika herufi na namba kwenye kioo, na maana yake hujui mpaka umtafute mwenye kitabu.

Najua kuna watakaosema ninakumbuka zile zilizobaki tu, kwamba mashine mbovu za 1990 zilishakufa zamani ndiyo maana hatuzioni. Nakubali, zilikuwepo mbovu. Nakubali pia kwamba zile za kupakia nguo kwa juu zilikunywa maji vibaya sana, nyingine hadi lita 150 kwa mfuo mmoja, wakati ya mlango wa mbele ya sasa inamaliza kwa lita 50 hivi. Nakubali kwamba ya sasa inakamua vizuri zaidi, na nguo zinakauka mapema. Hayo ni maendeleo na siyachukii. Lakini nionesheni ni tone gani la maji linalookolewa kwa kuchomelea tangi. Ni uniti gani ya umeme inayopungua kwa kuweka mshono mahali pa bolti ishirini? Kuokoa maji ni kazi ya programu na umbo la dramu. Mshono unaokoa dakika chache kiwandani na bei ya bolti, halafu hasara nabeba mimi. Na hivyo vyuma na plastiki vilivyoyeyushwa upya kutengeneza mashine nyingine kila baada ya miaka mitatu, umeme wake nani anauhesabu?

Kuna waliosema sheria zipo. Nimezisoma, na ndipo hasira ilipozidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2023, ambayo matakwa yake yalianza kutumika tarehe 1 Machi 2021, inamtaka mtengenezaji wa mashine za kufulia awe na spea kwa miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, na azifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Nikasoma orodha nikitikisa kichwa kwa furaha: mota, kaboni, pampu, shokapu, springi. Nikafika kwenye dramu, chuma chake cha mikono na beringi zake, nikakuta maneno haya kwenye mabano: kimoja kimoja au vikiwa pamoja. "Au vikiwa pamoja"! Maneno matatu tu, na tangi la kuchomelewa limepita katikati ya sheria wima, bila kuinama. Mtengenezaji anakuuzia furushi zima na ametimiza wajibu wake.

Ufaransa angalau wamejaribu zaidi. Tangu 2015 kupunguza maisha ya bidhaa kwa makusudi ili mteja arudi kununua ni kosa la jinai kule, kifungo hadi miaka miwili na faini ya euro 300,000. Na kuanzia 2021 mashine za mlango wa mbele zilibandikwa alama, kati ya 10, za jinsi zinavyotengenezeka, mpaka 2025 ilipochukua nafasi alama ya kudumu. Hiyo ndiyo karatasi ninayotaka kuiona dukani kabla ya kuambiwa kuhusu programu 16 na kuunganisha na simu. Programu 16 za nini? Nyumba nzima tunatumia mbili.

Zamani kudumu ndiko kulikouza mashine. Kuanzia 1967 kampuni ya Maytag ya Marekani ilijitangaza kwa fundi mpweke, mtu aliyevaa sare yake akashinda ofisini bila kazi kwa sababu mashine hazimwiti. Watu walilielewa tangazo hilo kwa sababu mashine ilikuwa nyumbani kwao inathibitisha. Mwaka 2006 Maytag ilinunuliwa na Whirlpool, na 2007 kiwanda cha Newton, Iowa, kilikozaliwa jina hilo, kikafungwa. Na msiseme wateja hawana nguvu. Speed Queen, kampuni nyingine ya Marekani, walipobadilisha muundo wa mashine zao za nyumbani za kupakia juu mwaka 2018, waliozoea ule wa zamani walipiga kelele mpaka muundo wa zamani ukarudi sokoni sambamba na mpya. Walirudisha kwa sababu watu walisema. Ndiyo maana na mimi nasema.

Nimerudi kuongezea, maana nimeulizwa mara nyingi: hapana, sikuijaza kupita kiasi, na sabuni nilipima. Pia nimeulizwa kwa nini sikuangalia kabla ya kununua. Sikujua kama kuna kitu cha kuangalia. Muuzaji alinifungulia mlango, akanionesha taa za ndani. Hakuna aliyenifungulia kifuniko cha juu. Sasa najua, na nawaomba na nyinyi mwombe kifunguliwe, skrubu mbili za nyuma zinatosha kwa nyingi. Mulika ukingo wa tangi. Ukiona vichwa vya bolti vimepangana, hilo linafunguka. Ukiona mshono laini, jiulize una fundi mwenye msumeno na subira ya siku nzima. Na uulize beringi zinauzwa peke yake au la, wakuandikie jibu.

Mkanda, kaboni na pampu ya mashine iliyokufa nimezitoa, ziko kwenye sanduku. Mota amechukua fundi, amesema ataigeuza mashine ya kunolea visu.

Nimesikia kuna ya 1997 inauzwa, rangi imechubuka mlangoni na kitufe kimoja hakipo, lakini inafua. Jumamosi nakwenda kuiona pamoja na fundi yule yule. Mama naye amesema anakuja. Bisibisi na tochi viko tayari kwenye mkoba.