Maswali na majibu ndani ya mfumo wa Laravel: Discourse, Question2Answer au niandike mwenyewe?

mwalo_dev (Ilemela)
Wakuu, mwangaluka. Nina mfumo wa wafugaji wa sato wa vizimba, nimeuandika kwa Laravel (kiunzi cha PHP) na hifadhidata ya MySQL, seva ya RAM 2GB. Mfugaji anaingia kwa namba ya simu, anatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi, basi. Barua pepe wengi hawana.

Maswali wanauliza kwenye grupu la WhatsApp. Juzi mama mmoja wa Igombe aliuliza kwa nini samaki wake wanapanda juu alfajiri wakihema. Jibu lilishatolewa mwezi mmoja kabla, kwenye grupu hilohilo: oksijeni imepungua majini, usilishe asubuhi hiyo, angalia kama kizimba kimejaza samaki kupita kiasi. Tukahangaika kulitafuta, halikuonekana. Iliniuma sana.

Nataka maswali yakae ndani ya mfumo, na mtu asijisajili mara ya pili. Nani ameshafanya hili?

nansio_04
Mimi natumia Discourse, programu ya jukwaa la mijadala, ipo kwenye kikoa tanzu (anwani ndogo chini ya tovuti yangu). Kuunganisha akaunti ni kwa DiscourseConnect, njia yake ya kuingilia kwa akaunti ya mfumo mwingine: mtu akibofya kuingia, Discourse inamtuma kwenye mfumo wako na kifurushi cha data kilichotiwa sahihi ya HMAC-SHA256 (inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri mnaoshiriki). Wewe unahakiki sahihi, unamwingiza kwa njia yako ya kawaida, unamrudisha na nonce ileile (namba ya kutumika mara moja iliyokuja kwenye kifurushi) pamoja na namba yake ya utambulisho. Kazi ya siku moja. Programu-jalizi ya kuweka alama kwenye jibu lililotatua ipo tayari.

Ila usiiweke seva moja na Laravel yako. Inakuja na hifadhidata zake, PostgreSQL na Redis, ndani ya kontena la Docker, na 2GB zako itazimaliza. Tafuta seva ya pili.

binti_wa_ziwa
Kaka nansio, hujamwambia la barua pepe. DiscourseConnect inadai kila mtu awe na barua pepe, tena isiyofanana na ya mwingine. Mfugaji mwenye namba ya simu tu utamtungia anwani ya uongo, halafu Discourse ianze kutuma taarifa kwenye anwani zisizokuwepo, na jina la kikoa chako lichafuke kwa watoa huduma wa barua. Ukiamua kutunga anwani, zima utumaji wa barua kwanza. Mimi nililipia kosa hili kwa mteja mmoja: hata risiti zake halali zikawa zinaangukia kwenye taka.

nansio_04
Kweli dada, wangu wote ni wa ofisini, wana barua pepe. Hapo umenikumbusha.

fundi_buzuruga
Kwa seva hiyo mimi ningeenda Question2Answer, programu ya maswali na majibu. PHP na MySQL, nyepesi, inakaa kwenye folda ya tovuti yako. Kuna faili la watumiaji wa nje unaloandika mwenyewe kuiambia nani ameingia. Weka mpangilio wa QA_EXTERNAL_USERS (watumiaji wa nje) kuwa true KABLA hujaunda majedwali, maana aina ya safu ya mtumiaji huamuliwa pale pale. Maneno ya kwenye skrini yako kwenye mafaili ya lugha, nilitafsiri yote kwa Kiswahili jioni mbili.

Ugumu uko kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ya nani ameingia. Laravel inatunza sesheni kwa njia yake na kuki yake imesimbwa, kwa hiyo PHP ya kawaida haiwezi kuisoma tu kwa $_SESSION. Mimi niliweka jedwali dogo la tokeni (alama za siri za kumtambua aliyeingia) ambalo pande zote mbili zinalisoma.

binti_wa_ziwa
Swali kwa mwenye uzi: nani atasema jibu hili ndilo? Kwenye mifumo hii miwili kwa kawaida anayeuliza ndiye anachagua. Kwa msimbo ni sawa, ataona umefanya kazi. Kwa samaki wanaokufa, mtu atachagua jibu lililomfurahisha, na jirani yake atalifuata.

mwalo_dev
Dada umegusa penyewe. Nataka alama mbili: ya muulizaji, na ya afisa uvuvi. Sasa naegemea kuandika mwenyewe, maana watumiaji na kumbukumbu za vifo tayari ninazo, na swali linaweza kubeba takwimu za kizimba husika. Majedwali matatu: maswali, majibu, kura.

Nimekwama kwenye utafutaji. Nikiandika "vizimba", swali lenye "kizimba" haliji. Nikiweka kinyota mwishoni haisaidii, maneno yetu yanabadilika mbele. Nimejaribu FULLTEXT (faharasa ya MySQL ya kutafuta maneno) ya aina ya ngram, bado tupu kabisa.

fundi_buzuruga
Hiyo ngram inakata maneno vipande vya herufi mbili mbili, ilitengenezwa kwa Kichina, Kijapani na Kikorea. Lakini orodha ya maneno ya kupuuzwa ya InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) ni ya Kiingereza, na ndani yake yamo "a" na "i". Kipande chochote chenye neno la orodha hiyo kinatupwa. Chukua kizimba: ki, iz, zi, im, ba vyote vinakwenda, kinabaki mb peke yake!

Zima innodb_ft_enable_stopword, futa faharasa, iunde upya. Halafu tafuta kwa hali ya lugha ya kawaida, usitumie ya boolean (ya masharti), maana ile inadai vipande vyote vifuatane kama vilivyoandikwa.

mwalo_dev
Mkuu, imekubali! "Vizimba" inaleta kizimba, "anahema" inaleta wanahema. Matokeo yasiyohusika nayo ni mengi, kwa hiyo nitaongeza ngram_token_size (idadi ya herufi za kila kipande) iwe 3, niwashe MySQL upya na kuunda faharasa tena usiku wafugaji wakiwa wamelala.

Kesho naanza kuhamisha majibu ya grupu, nikiomba ruhusa ya kila aliyejibu. La oksijeni litakuwa la kwanza.