Mrejesho: bando la ofisi lililokuwa linakata kabla ya mwezi kuisha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini bando la mwezi la stationery yetu linakata tarehe 18, na kwa nini taa ya ruta inapepesa mfululizo usiku tukiwa tumefunga. Mlikuwa sahihi: tulikuwa tunawalipia majirani.

Nimeingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa anwani 192.168.1.1. Jina admin, nywila admin, vilevile ilivyotoka dukani. Orodha ikaonyesha vifaa 13. Sisi tuna kompyuta mbili, printa na simu tatu. Nikabadili nywila ya waifai, na siku tatu baadaye wawili wakarudi! Hapo ndipo nikamwelewa aliyesisitiza nizime WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huihakiki vipande viwili, kwa hiyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Udhaifu huo umejulikana tangu 2011. Ukibadili nywila, PIN ileile inampa mtu nywila mpya.

Nimeizima kabisa. Nimeweka ulinzi wa WPA2 wenye usimbaji wa AES, maana ruta yetu haina WPA3 iliyo mpya zaidi, nikasasisha programu ya ruta, na wateja nimewapa mtandao wa wageni. Printa ilinisumbua nusu siku, kumbe inashika mawimbi ya 2.4 GHz peke yake, si ya 5 GHz.

Aliyenishauri nifiche jina la mtandao, samahani mkuu, sikufanya. Jina lililofichwa bado linanaswa hewani simu inapojiunga.

Jana usiku nilichungulia dirishani, taa inapepesa mara mojamoja tu. Leo tarehe 24, bando bado lipo.