Diski ya seva imejaa, nifute hili faili la avhdx?

Mtunza seva, Shela
Asalaam aleikum wadau. Natunza seva ya nyumba ya wageni hapa Lamu: Windows Server 2019, Hyper-V (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), mashine pepe mbili, ya hesabu na ya mafaili. Mwezi wa nne, kabla ya kusasisha programu ya hesabu, nilichukua chekipointi ya mashine ya hesabu, yaani hali yake ya wakati ule, ili niweze kuirudia mambo yakiharibika. Kazi ikaenda sawa, nikaisahau. Leo mhasibu kanipigia, kila kitu kimeganda. Kumbe diski D ya seva imebaki megabaiti 40, na kuna avhdx ya gigabaiti 310! Vhdx yenyewe, faili la diski ya mashine hiyo, ina tarehe ya mwezi wa nne. Nikifuta hilo kubwa si nafasi itarudi? Diski mpya mpaka itoke Mombasa, ifike Mokowe, ivuke kwa boti, na wageni wa Maulidi wanaingia kesho.

Fundi wa Malindi
Waleikum salaam. Toa mkono hapo, shekhe! Ulipochukua chekipointi, vhdx iliacha kuandikwa. Kila risiti tangu siku hiyo imo ndani ya avhdx. Ukiifuta, umefuta miezi mitano.

Ingia Hyper-V Manager ufute chekipointi yenyewe. Najua neno "futa" linatisha, mimi pia liliwahi kunitoa jasho. Kinachofutwa ni njia ya kurudi nyuma tu. Data inaunganishwa na vhdx, kisha avhdx inaondoka yenyewe. Amri ya kukurudisha mwezi wa nne ni ile ya kurejesha, hiyo usiiguse. Ila vhdx yako ni ya ukubwa usiobadilika au inayokua?

Mtunza seva, Shela
Inakua. Iko 280, kikomo 500.

Fundi wa Malindi
Basi itataka nafasi ya kukulia, mpaka 220. Hamisha mashine ya mafaili kwenye diski ya nje kwanza. Na umeme uwe wa uhakika, kuunganisha huchukua saa kadhaa.

Mzee wa kebo
Na chekipointi si bakapu, vijana. Imelala diski ileile. Diski ikifa, vyote vimekufa. Mimi chekipointi yangu haipiti siku tatu.

Mtunza seva, Shela
Nimehamisha, nikafuta, nikakaa na jenereta tangu magharibi. Saa tano usiku avhdx haipo tena, D ina zaidi ya gigabaiti 500. Mhasibu kauliza risiti za Juni. Zipo zote.